Mifuko Mitatu ya Jaramogi

Wanafunzi wetu wa historia wanamjua Jaramogi Oginga Odinga kwa mambo matatu. Wanajua kwamba alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, kwamba alikosana na Rais Jomo Kenyatta akajiuzulu mwaka 1966, na kwamba katika uzee wake alikuwa miongoni mwa walioongoza harakati za kurejesha mfumo wa vyama vingi. Ni haba wanaojua kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa, mzee huyu alikuwa mtu wa daftari na risiti, aliyekwenda huku na huko Afrika Mashariki akizikusanya shilingi za watu wa kawaida na kuwaeleza zitafanya nini.

Nimeamua kuyasimulia maisha yake kwa upande huo uliosahauliwa kwa sababu ya jambo linalotusibu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika lake la USAID lilikuwa limekoma kufanya kazi. Katika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ambako vita dhidi ya Ukimwi vimeendeshwa kwa miaka mingi kwa sehemu kubwa kwa fedha hizo, mashirika yaliyokuwa na magari, majengo na mamia ya wafanyakazi yaliyumba kwa muda wa majuma machache tu. Wengi walilaumu ugeugeu wa mfadhili. Lawama hiyo ina haki yake, lakini kuna swali linalotangulia: shirika likisemwa kuwa ni letu, ni letu kwa maana gani?

Maisha ya Odinga yanatoa jibu, kwa kuwa katika miaka yake zaidi ya themanini alipata kuendesha kazi za umma kwa mifuko mitatu iliyo tofauti. Mfuko wa kwanza ulijazwa na wanachama wenyewe. Wa pili ulijazwa na marafiki wa ng'ambo. Wa tatu ulijazwa na tajiri mmoja. Matokeo hayakufanana.

Odinga alizaliwa yapata mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, eneo la Bondo, ambalo sasa limo katika Kaunti ya Siaya. Alisoma Maranda, akaenda Maseno, kisha Alliance, na hatimaye Makerere alikosomea ualimu. Kuanzia mwaka 1940 alifundisha Maseno, shule ya wamisionari wa Kianglikana iliyo karibu na mstari wa Ikweta, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya utabibu wa mifugo papo hapo Maseno. Alikuwa mtu asiyependa kuamriwa. Majina ya ubatizo aliyopewa, Obadiah Adonijah, aliyaacha, na alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika pekee, alizozana na wakuu wa kanisa mpaka wakakubali.

Ukaidi huo huo aliuingiza katika mambo ya fedha. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na mji ukakua kuwa bandari na soko kubwa la nchi za maziwa. Hata hivyo maduka ya barabara kuu yalikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, na Mwafrika alikuwa mnunuzi, hamali au mchuuzi wa kando ya njia. Sheria ya kikoloni iliuongeza ugumu huo, kwani deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani ila liwe limeidhinishwa na ofisa wa serikali. Nani basi angethubutu kumkopesha? Odinga na walimu wenzake waliona kwamba aliyefungiwa mlango wa benki hana budi kuwa benki ya nafsi yake. Walianza na chama kidogo cha akiba cha watu wa Bondo. Mwaka 1947 chama hicho kilipanuka na kusajiliwa kwa jina la Luo Thrift and Trading Corporation, kwa ufupi LUTATCO, na Odinga, aliyeacha ualimu kwa ajili yake, akawa mkurugenzi mwendeshaji.

Kisheria LUTATCO ilikuwa kampuni ya biashara yenye hisa. Kwa nia na kwa mwendo wake, hata hivyo, ilikaribia zaidi kile tunachokiita leo shirika la maendeleo. Shabaha yake ilikuwa kuwathibitishia Waafrika wa Nyanza kwamba wanaweza kuweka fedha pamoja, kujenga pamoja na kuaminiana. Odinga aliwafuata Waluo walikofanya kazi, katika miji ya Kenya na nje ya mipaka yake, akiwaomba wanunue hisa. Waliomsikiliza walikuwa makarani, wafanyakazi wa reli, wapishi na walimu, watu wa mishahara midogo. Kwa fedha hizo lilijengwa jumba la Ramogi House mjini Kisumu, na kampuni ikajiingiza katika uchapishaji. Jina la Ramogi, ambaye katika masimulizi ya Waluo ndiye babu yao, lilitumika pia kwa gazeti la Kidholuo la zama hizo, na mwenyewe Odinga akaja kuitwa Jaramogi, yaani mtu wa Ramogi.

Mimi ni mtu wa isimu, na naomba niruhusiwe kusita kidogo kwenye maneno. Kiswahili kina neno mfadhili, linalotokana na fadhila. Anayepewa fadhila hudaiwa shukrani. Kina pia neno mwanahisa, na hisa maana yake ni fungu, sehemu iliyo haki ya mtu. Mwenye hisa hadaiwi shukrani na yeyote; yeye ndiye anayedai, na anachodai ni hesabu. Tofauti kati ya shirika lenye wafadhili na shirika lenye wanahisa imo ndani ya maneno hayo mawili. Odinga alipomwendea mpishi wa Nairobi na kuipokea shilingi yake, alimfanya mpishi yule kuwa mtu mwenye haki ya kumuuliza maswali.

Na maswali yalikuja, tena yalistahili. Biashara ya uchapishaji ilikuwa mzigo zaidi kuliko faida. Wanahisa walikuwa wengi, walitawanyika mbali, na kila mmoja alikuwa na fungu dogo. Aliyeweka akiba yake alitaka kuona gawio, na gawio halikuwa jambo la kutegemea. Marehemu Profesa Atieno Odhiambo, mwanahistoria aliyeichunguza kampuni hii, ameisimulia habari yake kuanzia 1945 hadi 1956, na si habari ya ushindi mtupu. Kasoro moja inaonekana waziwazi hata kwa asiye mhasibu: kampuni iliegemea mno mabega ya mtu mmoja. Odinga alikuwa mkurugenzi, mhamasishaji na mchangishaji kwa wakati mmoja. Siasa ilipomwita, hapakuwa na wa kuvivaa viatu vyote hivyo. Bodi isiyomwandaa mrithi huwa imeandaa mazishi.

Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho tunapata mfano wa uongozi ambao ningependa kila mwanafunzi aujue. Sambamba na LUTATCO palikuwa na Luo Union, umoja wa Waluo uliokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Kidholuo huuita umoja riwruok, kutokana na kitenzi cha kuunganisha. Ulikuwa umoja wa kusaidiana: kuisafirisha maiti ya mfanyakazi mpaka kwao, kumsaidia aliyekwama mjini, kuchangia elimu. Mwaka 1953 Odinga alichaguliwa kuwa Ker, yaani mkuu wa umoja huo. Mwaka huo huo Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliuawa, na wanachama wakachanga fedha za kumjengea kumbukumbu. Ndiyo asili ya jumba la Ofafa Memorial mjini Kisumu.  Haba na haba ndizo zilizojaza kibaba.

Kisha ukaja mwaka 1957. Odinga aligombea kiti cha Nyanza ya Kati katika Baraza la Kutunga Sheria na kukishinda. Kwa desturi, Ker hakutakiwa kuwa mwanasiasa, maana kiti chake ni cha watu wote. Odinga alikiacha. Angeweza kukishikilia, akautumia umoja kuwa ngazi yake, na wengi wangemshangilia. Leo tunaandika vifungu virefu katika katiba za mashirika yetu kuhusu mgongano wa masilahi, na viongozi wetu wanavitia saini bila kuvisoma. Mzee yule alikuwa na kifungu kimoja tu, tena kisichoandikwa, na alikitii.

Uhuru ulipokaribia, mfuko wa pili ulifunguliwa. Ulimwengu ulikuwa umegawanyika kambi mbili, na kila kambi ilitafuta marafiki Afrika. Tom Mboya, mwana wa Rusinga, alikuwa na marafiki zake Marekani, na mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wake iliwachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Odinga aliwageukia Wasovieti, Wachina na nchi za Ulaya ya Mashariki, akawapatia vijana wengi wa Kenya nafasi za masomo. Sioni aibu katika hayo. Nchi ilihitaji madaktari na wahandisi, na waliosoma walirudi na elimu yao vichwani.

Tatizo lilikuja pale fedha za ng'ambo zilipoanzisha taasisi hapa nyumbani. Desemba 1964 kilifunguliwa Chuo cha Lumumba, nje kidogo ya jiji la Nairobi, kiwe chuo cha kufundishia makada wa KANU. Kwenye karatasi, utawala wake ulikuwa mzuri ajabu: Kenyatta na Odinga walikuwa walezi, na Bildad Kaggia alikuwa mwenyekiti wa bodi. Lakini fedha zilitoka hasa kwa Wasovieti, na baadhi ya walimu walitoka huko huko. Chama kilichokuwa mwenye chuo hakikuwa kimetoa fedha za kukiendesha, na upande mmoja wa chama hicho ulikiona chuo kuwa silaha ya upande wa pili. Kufikia katikati ya mwaka 1965 Bunge lilikuwa limekijadili kwa ukali, kundi la waliohitimu lilikuwa limejaribu kuyateka makao makuu ya KANU, na chuo kikawa kimefikia ukomo. Hakikutimiza hata mwaka mmoja kamili. Majina makubwa kwenye bodi hayakukiokoa, kwa kuwa hakuna mkulima wala karani aliyeweza kusema kwamba chuo kile kimejengwa kwa shilingi yake.

Msomaji makini ataniuliza: na hospitali ya Kisumu je? Ni swali la haki. Hospitali Kuu mpya ya Nyanza ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti uliopatikana kwa juhudi za Odinga, na mpaka leo watu wa Kisumu wanaiita Russia. Ufunguzi wake, tarehe 25 Oktoba 1969, ulikuwa siku ya msiba. Kenyatta na Odinga walitupiana maneno hadharani, ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Serikali ilitaja 11, na wengi husema walikuwa zaidi. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini hadi 1971. Hata hivyo hospitali ilibaki, na sasa ina jina lake. Kwa nini hospitali iliishi na chuo kikafa? Kwa sababu hospitali ilikabidhiwa kwa umma, ikaingizwa katika makadirio ya serikali, ikapata wauguzi wanaolipwa kwa kodi zetu. Msaada wa nje uliijenga. Kodi ya ndani ikaitunza. Fedha za mgeni si sumu zenyewe. Sumu ni kukosa mwenyeji wa kuzipokea na kuendelea pale zinapokoma.

Mfuko wa tatu unaniuma kuutaja, kwani ulifunguliwa mwishoni mwa safari. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1992 Odinga alikuwa mkuu wa upinzani rasmi Bungeni na mwenyekiti wa FORD-Kenya. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, mwenye heshima isiyo kifani. Wakati huo nchi ilikuwa inataka maelezo kuhusu kashfa ya Goldenberg, ambamo mabilioni ya shilingi za umma yalilipwa kuwa fidia ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. Mwaka 1993 Odinga alikiri hadharani kwamba alipokea shilingi milioni mbili kutoka kwa Kamlesh Pattni, mkurugenzi wa kampuni hiyo ya Goldenberg, zikiwa mchango. Wafuasi wake walisema kwamba mzee hakuficha neno, na hilo ni kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba chama kilichokuwa kikiwauliza wengine habari za hesabu sasa kilikuwa kinaulizwa zake. Baadhi ya viongozi, akiwemo Paul Muite aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kwanza, walijiuzulu nyadhifa zao. Odinga alifariki mjini Kisumu Januari 20, 1994, na jeraha hilo la chama lilikuwa bado bichi.

Tulinganishe. Shilingi ya mpishi ilikuwa ndogo, na ilikuja na maswali mengi. Milioni mbili zilikuja kwa mkono mmoja, na maswali yakaja baadaye, kutoka kwa taifa zima. Fedha zinazopatikana kwa urahisi huwa na gharama isiyoandikwa kwenye risiti.

Kuna watakaosema kwamba nawatakia watu maskini wajigharimie yote, hali wao ni maskini. Sivyo. Najua kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi haziwezi kununuliwa kwa mchango wa kikundi cha wavuvi wa Dunga. Ninachosema ni kwamba shirika lisilo na hata senti moja ya wanachama wake halina wanachama, lina watazamaji. Senti ile hailipi gharama zote, lakini hununua haki ya kuuliza. Mkono mtupu haulambwi, na mkono usiotoa kitu haunyooshwi mkutanoni.

Haki ya kuuliza nayo huhitaji lugha. Nimepata kukaa katika halmashauri za mashirika kadhaa ya eneo hili. Katika mojawapo, ambalo sitalitaja, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa kwa Kiingereza cha wahasibu, kwa muda wa dakika tano, mbele ya akina mama wauza omena ambao ndio waliosemekana kuwa wenye shirika. Walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali, na kumbukumbu za mkutano zikaandika kwamba hesabu zilikubaliwa kwa kauli moja. Nusu karne na zaidi kabla ya hapo, watu wa kizazi cha Odinga walikuwa na gazeti la kuzungumzia mambo yao kwa Kidholuo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari lisilosomeka na mwenye mali ni sawa na kukosa daftari.

Sheria inatusaidia kiasi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika Mei 2024 baada ya kungojewa zaidi ya miaka kumi. Lakini sheria inaweza kulazimisha hesabu ziandikwe, wala haiwezi kumlazimisha mwanachama azisome. Kazi hiyo ni ya shule.

Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi. Mwalimu anayekatwa fedha za ushirika kila mwezi, kama wanachama wa Mwalimu Sacco walivyofanya tangu miaka ya 1970, ni mwanahisa. Ahudhurie mkutano mkuu wa mwaka na aombe nakala ya taarifa ya mkaguzi. Chama cha wanafunzi cha mazingira au cha drama nacho ni shirika, hata kama mfuko wake una shilingi mia tatu. Kichague mhazini asiyekuwa rafiki wa mwenyekiti. Hesabu zake zibandikwe ukutani kila muhula, kwa lugha wanayoielewa wote. Na mwenyekiti akipata kiti kingine kinachogongana na hicho, akiache, kama Ker alivyokiacha chake mwaka 1957.

Barabara kuu ya Kisumu ina jina la Oginga Odinga, na chuo kikuu cha Bondo pia. Hizo ni heshima zinazomstahili. Lakini heshima kubwa zaidi ingekuwa kuuchukua mfuko wake wa kwanza, pamoja na kasoro zake, na kuushona vizuri zaidi kuliko alivyoweza yeye. Wale wapishi na makarani walionunua hisa hawana barabara yenye majina yao. Walichokuwa nacho ni risiti, na risiti ile iliwapa haki ya kusimama mkutanoni na kumuuliza Jaramogi fedha zao ziko wapi.